Mgongo Uliomvusha Mama Yake Zam

Mjukuu wangu Zam hutembea kama mtu mwenye mtungi kichwani, hata kama hakubeba kitu. Shingo wima, miguu polepole, macho mbali. Alianza hivyo mama yake alipofariki, na sasa anasoma Mvara, kule Arua, bado hajautua huo mtungi.

Shuleni kwao Mwalimu Helen amewapa kitabu kisicho na karatasi. Kinakaa ndani ya kompyuta, wanakiita wiki. Mmoja anaandika ukurasa wa habari za kwao, na darasa zima lina ruhusa ya kuongeza au kufuta. Zam aliandika habari ya Ludara, kijiji chetu: mwaka wa vita nilivyoukuta mto Kaya umejaa, mama yake mchanga mgongoni kwangu, kiboko akatoka majini, akainama, nikapanda, akatuvusha mpaka Sudan.

Kijana wa darasa lao, Okuonzi wa Pajulu, akamfuta kiboko. Zam akamrudisha. Okuonzi akamfuta tena. Kiboko akawa anaingia na kutoka, mpaka Mwalimu Helen akachoka: kufikia Ijumaa asipopatikana shahidi wa pili, ukurasa wote unaondolewa.

Zam akaja Ludara, akakaa jikoni kwangu, muhogo hataki.

"Bibi, sema kweli. Kiboko iko ama hapana?"

"Iko."

"Okuonzi anasema kiboko habebi mtu."

"Huyo Okuonzi anakutaka. Kijana hachoki kufuta kitu cha msichana bure."

"Mimi nalia, wewe unacheka."

"Haya, mke mwenzangu, andika tulivuka kwa mtumbwi. Hiyo ataamini."

Hakucheka. "Ukurasa ukiondolewa, mama anaondoka nao. Hakuna mahali pengine ameandikwa."

Nikautazama moshi wa jikoni, ukawa na rangi ya mto ule: maji mazito, asubuhi, na mtoto amelala kana kwamba tuko kitandani.

"Shahidi wa pili ni yeye mama yako," nikasema. "Mwingine sina."

Akarudi Mvara na hayo tu.

Darasani mwao iko msichana wa Congo, Léontine, baba yake anauza vitenge Arua. Muhula mzima hakuwa ameandika neno kwenye kitabu kile. Ijumaa Zam alifungua ukurasa ili auage, kisha akanipigia simu. Mimi kusoma sijui, akanisomea:

"Chini ya maneno yako, Bibi, Léontine ameandika: 'Kwetu pia iko mto. Bibi yangu alivushwa na kiboko akikimbia vita, hakuna mutu alimwamini. Alisema mgongo wa kiboko una joto, kama ukuta ulioshinda juani.'"

"Na Okuonzi?"

"Ameongeza koma moja. Hakufuta kitu. Ukurasa unabaki."

Nilibaki na simu sikioni hata baada ya Zam kukata. Safari ile nimemsimulia kila mtu wa Ludara, na kila nikiisimulia kiboko ananenepa. Kuna siku nilimvika hata hereni. Lakini lile joto sijawahi kumwambia mtu.

Nikaegemea ukuta wa nyumba. Ulikuwa umeshinda juani. Nikafumba macho, na ukuta ukaanza kwenda, polepole, bila kumwamsha mtoto.