Keria ya Baiskeli Yangu

Enzi za Mwingereza, nilipopata ukarani bomani Dodoma, nilikuwa nimeshachagua baiskeli moyoni. Ilining'inia katika duka la Mhindi karibu na stesheni, nyepesi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Ningeipanda kwenda kazini, na Jumapili ningekwenda nayo Msalato kushindana na wenzangu.

Siku ya kununua, mama alikuja nami, debe lake la maji kichwani. Baiskeli yangu hakuitazama. Aliliendea libaiskeli jeusi, zito, lililoegemezwa mlangoni, akaliweka debe juu ya keria, nyuma ya tandiko, akalitikisa. Halikuyumba.

"Hii itabeba maji," akasema. "Ile yako itabeba nini?"

"Itanibeba mimi, mama."

"Wewe una miguu."

Nilinuna hadi nyumbani. Jumapili wenzangu walinipita wakipiga kengele, wakaelekea Msalato. Mimi nilikuwa natoka kisimani, naisukuma baiskeli yangu mpya taratibu ili maji yasimwagike. Mbele yangu mama alitembea bila kitu kichwani. Sikuwahi kujua kwamba ana shingo ndefu.