Mama hagusi chaki: Fundi anayelinda paterni zake

Ni asubuhi, na chumba cha Fundi Karatasi kimeshajaa watu kama pana harusi. Yeye ameinama mezani. Pasi mbili za mkaa, zisizo na moto, zimekandamiza kadibodi, na penseli iliyochongwa ikachongoka inazunguka ukingo wa paterni ya kola.

"Wifi, usipige chafya karibu na mama!" anafoka, na watu wanacheka.

"Mama" ni paterni ya kwanza; paterni ni kile kipande cha karatasi ngumu ambacho fundi hukizungushia chaki juu ya kitambaa kabla ya kukata. Kwake yeye, mama hagusi chaki. Huzaa nakala tu, kisha hurudi ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Wanaokwenda kazini ni watoto. Wakichakaa, mama huzaa wengine.

Muhula uliopita wifi yake, anayeshona naye, alikuta mtoto mmoja ameliwa pembe. Badala ya kumshusha mama, akachora nakala kutoka kwa huyo mtoto, na kutoka kwa hiyo akachora nyingine. Penseli hupita nje ya ukingo, hivyo kila nakala ikanenepa kidogo. Kola za sare za shule zikatoka pana.

"Watoto wa watu walionekana wamevaa masinia," anasimulia wifi mwenyewe, bila haya.

Shule ikarudisha mzigo wote na kutoa onyo: walete sampuli moja, ikikosewa tena, tenda inahama. Na tenda hiyo ndiyo nusu ya kipato chake cha mwaka.

Mchana matroni wa shule anaingia na mwanafunzi. Anamvalisha sampuli iliyokatwa kwa nakala ya asubuhi, anamfunga kifungo cha juu, anapitisha vidole shingoni.

"Hii sasa ndiyo kola yetu," anasema. "Shoneni zilizobaki."

Vigelegele!

"Miaka kumi na sita, mama huyuhuyu!" Fundi anapiga meza. "Mafundi wenzangu waliniita Karatasi kunicheka. Waje sasa!"

Na kweli anataka waje. Mpango wake ni kufungua mlango kila Jumamosi, mafundi wote wa mtaa wajichoree nakala, bure.

"Bure?" wifi anashika kiuno. "Wakukombee wateja?"

"Wakombe. Mtoto akishonewa popote, kola imkae. Mimi nikipita barabarani, shingo zangu nitazijua."