Sote Tuna Virusi, Ila Vyake Havisikii Dawa

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Humu wanaonifahamu ni wengi, na wengine ni wateja wangu.

Mimi ni dada wa miaka 27, fundi cherehani, nimepanga chumba Kaloleni hapa Arusha. Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI. Mama alifariki nikiwa mdogo, shangazi akanilea, na ndiye aliyenizoesha dawa kama watoto wengine wanavyozoeshwa kupiga mswaki. Namshukuru Mungu, miaka mingi sasa nikipima virusi havionekani. Nameza kidonge kimoja kwa siku, maisha yanaenda.

Mchumba wangu, nitamwita Elia, tulikutana palepale kliniki. Ni dereva wa watalii. Hatukuwa na la kufichana, nikasema hatimaye Mungu amenikumbuka. Kwao ni Akheri. Wazee wake walikuja kwa shangazi, mahari ikapokelewa, na ndoa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Kwao hakuna anayejua hali yetu, si yake si yangu.

Shida ilianza nilipomwona anameza vidonge vikubwa asubuhi na jioni. Nikamuuliza. Akasema, "Zile za mwanzo zimegoma." Kumbe akiwa porini na wageni analala hema moja na mpishi, akawa anaona aibu kutoa kopo la dawa. Safari nzima hamezi, akirudi mjini anaendelea. Walipompima vinasaba vya virusi wakakuta vimejibadilisha, dawa za mwanzo havizisikii tena. Nilimhurumia mpaka nikalia, maana hata mimi najua kujificha na kopo.

Sasa yeye anasema tukioana hakuna kinga, sote tunao, tunaogopa nini? Nikaenda kwa nesi, nikamuuliza bila kumtaja mtu. Akaniambia, "Mdogo wangu, virusi havifanani. Vyako vinaisikia dawa yako. Vya mwenzako kama ni sugu, ukivipata juu ya vyako, hicho kidonge kinaweza kisikusaidie tena. Ukimeza vizuri hatari ni ndogo, lakini ipo. Na ukija kubeba mimba tutahangaika kutafuta dawa ya kumlinda mtoto. Tumieni kinga mpaka vyake vifubae."

Nilimweleza Elia taratibu. Akawaka. "Yaani leo mimi ndiyo mchafu? Wewe umezaliwa nao, nilikukataa?" Nikamwambia sijamkataa, nataka tu dawa mpya zimkubali kwanza, hata ikibidi harusi tuisogeze. Akaniangalia, akasema, "Isogeze. Mama akiuliza sababu nitamwambia una ngoma, na mimi umeniambukiza wewe."

Kesho yake aliomba msamaha, eti hasira. Lakini lile neno halijanitoka.

Nilimfuata shangazi, naye akasema, "Mwanangu, wanaume wa kukupokea na hali yako wako wangapi? Ingia kwanza, mtaelewana ndani." Mama yake Elia naye hachoki kupiga simu. "Mkwe wangu, nataka nimbebe mjukuu macho yangu yakiwa bado yanaona." Naishia kusema tumwombe Mungu, mama.

Wiki iliyopita Elia alilala kwangu, asubuhi akaelekea porini. Natandika kitanda, nakuta kopo lake la dawa chini ya mto. Nikampigia haraka: "Umesahau dawa! Nikuletee na bodaboda?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Acha, wageni wameshapanda. Nitameza nikirudi." Nikamwambia, Elia, na hizi zikigoma utabaki na nini? Akakata simu. Mpaka leo hajapokea.

Ndugu zangu, nampenda, na namwogopa pia. Nikiolewa, naweza kupoteza dawa iliyonifikisha hapa. Nikikataa, habari yangu itazunguka Akheri yote mpaka hapa Kaloleni, na nani atanipa kitambaa chake nimshonee?

Anarudi Jumamosi. Jumapili majina yetu yanasomwa mara ya mwisho, na mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mwenye pingamizi ni bibi harusi mwenyewe. Msinitukane, nishikeni mkono tu mniambie: nisimame, au ninyamaze?