Siku niliyoomba mashine isilie: Msumari, chip yake na shimo la chokaa Mbeya

Kamwene wakuu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, fundi seremala wa Mafinga. Chumvi huwa naongeza kwa koleo, wanaonijua wanajua. Ila nikifika kwenye shimo la chokaa, hapo sijaongeza hata punje.

Nina mbwa anaitwa Msumari. Kahawia, sura ya kawaida kabisa. Ukirusha jiwe Mafinga utampiga mbwa anayefanana naye. Ila kwa kulinda karakana yangu, yule ni kikosi kizima cha jeshi.

Mwaka jana nilimpeleka Iringa mjini kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dokta wa pale, dada mmoja mpole, akaniambia kuna chip ndogo kama punje ya mchele, inaingizwa chini ya ngozi, mbwa akipotea anarudishwa kwako.

Nikasema weka hata mbili.

Akanieleza inavyofanya kazi. Sikusikiliza. Nilishajiona mtu wa kwanza Nyanda za Juu Kusini kumiliki mbwa wa kidijitali.

Nikarudi kutangaza kila kijiwe: "Huyu hata akienda mwezini namwona kwenye simu!"

(Sekondari nimesoma QT, jioni, baada ya kuranda mbao kutwa. Kipindi cha fizikia nusu ya darasa tulikuwa tunakoroma. Mnisamehe.)

Juzi kati fuso ikapakia mbao kwangu kupeleka Mbeya. Msumari hupenda kujibanza katikati ya mbao asubuhi, baridi ya huku mnaijua. Wapakiaji wakapanga, wakafunga turubai, gari likaondoka.

Mchana namwita. Kimya.

Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikakaa nasubiri mbwa atokee kama kidoti.

Mke wangu akauliza, "Baba Neema, unamtafuta mbwa au unachati?"

"Subiri, network inasumbua."

Siku nzima ikapita hivyo wakuu! Kesho yake ndipo nikampigia dokta wa Iringa.

"Kaka, ile chip haitumi location. Haina hata betri. Inasomeka pale tu mtu akimpitishia mashine. Lazima apatikane kwanza."

Nikampigia dereva wa fuso.

"Aisee fundi, tulipofungua turubai kuna mbwa aliruka akatoka mbio. Nikajua wa hapo yadi. Ila wahi. Mtaa ule kuna watu wameumwa na mbwa mwenye kichaa, watu wa halmashauri wanaua mbwa wote wanaozurura. Wameanza jana."

Jana. Ile jana niliyokuwa naangalia ramani.

Mafinga hadi Mbeya nilisafiri miaka mia mbili. Makambako, Igawa, Chimala, kila mbwa wa kahawia kando ya barabara moyo unasimama.

Dokta wa Iringa alishaniunganisha na mwenzake wa Mbeya, mzee mmoja mwenye hiyo mashine. Tukaenda wote hadi kiwanja walikokuwa wanazika.

Mbwa saba wamelazwa kando ya shimo. Wamepigwa risasi, wameshamwagiwa chokaa. Wote weupe. Nyuso hazitazamiki. Nilimlea Msumari tangu ananyonya, na pale sikuweza kusema yumo au hayumo.

"Ndugu yangu, simama pale," mzee akaniambia. "Nitapitisha mmoja mmoja. Wako ana chip. Ikilia, tutajua."

Wakuu, niliweka chip ili siku moja ile mashine ilie. Siku ile niliomba isilie.

Wa kwanza, kimya. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Jasho linanitoka kwenye baridi ya Mbeya.

Wa tano.

Tiii.

Nilikaa chini kwenye matope. Mzee akasoma namba, akatazama kadi yangu ya chip, akasoma tena.

"Siyo wako."

Nilidhani ningeruka kwa furaha. Sikuruka. Mzee alitafuta ile namba kwenye orodha yake, akapiga simu, nikasikia sauti ya mama mtu mzima, imechangamka kabisa: "Ee dokta! Mmempata?"

Mzee akasogea pembeni kuongea naye.

Wa sita na wa saba, kimya.

Nikazunguka Mbeya siku mbili naita "Msumari" kama muuza vifaa vya ujenzi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya tatu, mchana, naranda mlango, simu ikaita. Mzee wa Mbeya.

Sikupokea. Nilishasikia simu ya namna ile inavyoanza. Ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena. Mke wangu akaja, akaichukua, akaweka sauti ya juu.

"Mama, mwambie fundi kuna mama wa Uyole kaleta mbwa, mguu umevimba. Alimkuta kwenye banda la mbuzi. Nimempitishia mashine, imelia. Namba ni ya Msumari."

"Anapumua?" nikapiga kelele nikiwa mbali.

"Anapumua, na ugali wangu wa mchana kaumaliza."

Nililia wakuu. Mafinga nzima ilisikia, mpaka mashine za mbao zilizima kusikiliza.

Nilichojifunza: chip haimtafuti mbwa, unamtafuta wewe, na unaanza dakika ile ile. Chip kazi yake ni kusema huyu ni wa nani, akiwa mzima au akiwa maiti. Kwa hiyo mvishe na mkanda wenye namba ya simu unaosomeka kwa macho, na laini yako usiiache ikafa.

Wenye mbwa wa Iringa, Njombe na Mbeya, ninyi mnafanyaje? Semeni hapo chini.

Na jambo moja linanisumbua. Namba ya yule mama wa mbwa wa tano mzee amenipa, nimpe pole. Ni wiki sasa naiangalia. Mngekuwa ninyi, mngeanza na neno gani?