Ulimi wa Mwamina

Wapo watu Kiegei wanaojulikana kwa mikorosho yao, wapo wanaojulikana kwa nyumba za bati. Mwamina binti Hamidi hakuwa na mikorosho ya kutajwa, wala mume, kwa kuwa mumewe alihamia Ruangwa kwa mke mwingine na hakurudi hata kuchukua jembe lake. Mwamina alijulikana kwa ulimi. Si ulimi wa maneno, maana hakuwa msemaji. Ni ulimi wa kuonjea.

Mwezi wa pili, ghala likiwa limebaki vumbi na mahindi shambani bado yana ndevu mbichi, watu wa kule huishi kwa muhogo. Na muhogo una tabia mbili. Upo mtamu, unaochimbwa asubuhi na kuliwa mchana. Upo mchungu, wenye sumu, ambao sharti umenywe, ulowekwe kwa siku kadhaa, uanikwe juani mpaka uwe makopa, ndipo utwangwe. Njaa haina subira ya kuloweka. Kwa hiyo mtu hukata kipande kibichi, hutafuna kidogo, hutema, na kinywa humwambia la kufanya.

Kila mtu ana kinywa. Lakini wanawake wa Kiegei walivipita vinywa vyao wakaenda kwa Mwamina, kwa sababu bibi yake ndiye aliyeonja katika ile njaa ambayo wazee bado wanaitaja, akaokoa watu. Mwamina alirithi ile kazi kama wengine wanavyorithi shamba. Arusi ikiwa na pilau, ataitwa aseme chumvi. Muhogo ukitiliwa shaka, utaletwa barazani kwake. Akisema chungu, unalowekwa. Akisema tamu, sufuria inapanda jikoni.

Kisha ikaja homa, mwaka ule shule zilipofungwa na watu wakaambiwa wasipeane mikono. Ilimlaza Mwamina, ikamwacha hai, ila ilipoondoka iliondoka na ladha. Alingoja irudi kama mtu anavyomngoja mwanawe aliyekwenda Dar es Salaam. Harufu ya moshi ilirudi kidogo. Ladha haikurudi. Asali na majivu vikawa kitu kimoja kinywani, unyevu tu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mwanamke aliyeachwa, mwenye kibanda na mtoto mmoja tu, Habibu, akishavuliwa na ulimi anabaki na nini cha kusalimiwa nacho?

Akajifundisha upya. Chumvi aliijua kwa kutazama nyuso za walaji. Muhogo aliujua kwa macho: wa vijiti vyekundu mtamu, wa vijiti vya kijivu mchungu, na mashamba ya majirani aliyajua kama anavyowajua watoto wao. Alitafuna na kutema kama zamani, akakunja paji la uso kama zamani, kisha akasema yale ambayo macho yalikwisha kumwambia. Hakukosea. Hilo ndilo lililomponza. Ikafika mahali akajiuliza: ikiwa macho yanajua yote ambayo ulimi ulijua, ulimi ulikuwa wa nini? Huenda hata zamani hakuwahi kuonja. Huenda alikuwa akijua tu.

Mwaka juzi mvua ilianza vizuri, ikakatika kabla ya mwaka mpya. Jua likakaa juu ya mashamba kama mdai. Asubuhi moja ya mwezi wa pili Albina, jirani yake, mjane wa Kimakua ambaye waliazimana naye moto na chumvi tangu ujana, akaja na beseni la muhogo kichwani.

"Mama Habibu, nimechimba. Kwangu kuna kiporo cha ugali, ninyi mna mtoto na mja mzito. Shikeni."

"Ni ule wa mbegu niliyokupa?"

"Ule ule. Haya, onja basi, usije ukasema nimekuletea dawa ya panya."

Shakila, mke wa Habibu, alikuwa akifagia uwanja na mimba yake ikimtangulia. Aliacha ufagio atazame. Mwamina akakata kipande, akatafuna. Ilikuwa kama kutafuna kamba. Akaangalia ganda, akakumbuka vile vijiti vyekundu alivyovifunga kwa mkono wake mwenyewe na kumpa Albina. Akatema.

"Mtamu. Chemsheni."

Mchana walikula. Habibu alikuwa kibaruani, chakula chake kikawekwa kando. Shakila alimeza tonge la kwanza, akasita.

"Mama, leo muhogo una namna."

"Namna gani?"

"Uchungu kwa mbali."

"Mimba hiyo, mwanangu. Mimi mimba ya Habibu ilinigeuzia hata maji ya kisima."

Shakila akacheka, akaendelea kula, taratibu. Mtoto wake Sabaha hakuwa na mimba ya kusingizia. Alisukuma kipande chake pembeni.

"Bibi, chungu."

"Kula, mama. Wenzio hata hicho hawana."

"Chungu, bibi."

"Kama bibi yako amesema ni mtamu, ni mtamu," Shakila akamwambia mwanawe. Na mtoto, kwa kuwa alikuwa na adabu, akala.

Alasiri wote watatu walikuwa wakitapika. Wakubwa walitapika wakabaki na kizunguzungu. Sabaha alianza kutetemeka, kisha akaacha kuitika. Habibu alirudi akamkuta hivyo, akampakia kwenye bodaboda pamoja na Mwamina wa kumshikilia, wakakimbia naye Nachingwea. Alikata roho wangali mapokezi.

"Alikula nini?" daktari aliuliza.

"Muhogo," Habibu akasema.

"Ulikuwa mchungu?"

"Hapana. Mama alionja."

"Ukame ukizidi, hata muhogo mtamu hujaa sumu. Mwaka huu tumeona wengi."

"Daktari, nakwambia mama alionja! Hujui mama yangu ni nani."

Mwamina alikuwa kwenye benchi, kanga ya mjukuu mapajani. Alisikia kila neno. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, naye alijua kuwa ndio wakati. Akainama akakunja kanga.

Siku ya kuondoa tanga, kaka yake Mikidadi alikuja kutoka Nambilanje. Yeye ndiye mjomba, na kwa watu wale neno la mjomba ndilo linalofunga mlango. Walipomaliza dua alikohoa.

"Muhogo ulionjwa. Ulikuwa mtamu. Mtamu ukiua, kuna mkono wa mtu. Aliyeuleta hakuula. Kwa nini hakuula?"

Watu wakageuka kumtazama Albina, aliyekuwa amekaa nyuma na wapishi, mikono yake ingali na unga wa msibani.

"Nilikuwa na kiporo," Albina akasema. "Mama Habibu, si nilikwambia nina kiporo?"

Hapo Mwamina akasimama.

"Mwacheni. Mimi sikuonja."

"Dada, keti."

"Sikuonja, Mikidadi. Ulimi wangu umekufa tangu ile homa. Nilitazama ganda nikasema."

Kisha mwanamke mmoja akasema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Jamani, Shakila si alimwona? Alikata, akatafuna, akatema."

"Shakila, uliona?" Mikidadi akauliza.

"Niliona," Shakila akasema.

"Basi. Kwa macho yake."

Mwamina akaenda ukingoni mwa uwanja, akachuma majani ya mwarobaini mkono mzima, akarudi akayatia kinywani mbele yao. Akatafuna. Maji ya kijani yakamtoka pembeni mwa midomo. Hakukunja uso. Akatafuna mpaka yakaisha, akafunua kinywa waone.

"Nasikia nini? Niambieni nasikia nini!"

Hakuna aliyejua. Nani amewahi kuingia katika kinywa cha mwenzake? Mikidadi alimshika bega, macho yake yamejaa machozi ya kweli.

"Mfiwa anaweza kutafuna kaa la moto, dada. Una huruma na jirani yako. Tumekuelewa."

Mmoja tu ndiye aliyeamini. Shakila alikuwa akimtazama mkwewe bila kupepesa.

"Mimi nilisikia uchungu," alisema, si kwa sauti. "Na mwanangu alisikia. Tukaacha vyetu tukafuata chako."

Albina aliondoka wiki ile ile, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki, baada ya mtu kurusha mawe juu ya bati lake. Alipita kwa Mwamina, hakushuka.

"Miaka yote hiyo nakuletea uonje, kumbe unanikunjia uso tu?"

"Albina..."

"Twende," akamwambia dereva.

Shakila alikwenda kujifungulia kwa mama yake Ruangwa. Alijifungua salama, na hakurudi. Habibu akamfuata. Hupiga simu siku za sikukuu, huuliza afya, hukata.

Mwamina amebaki, na jina lake limebaki. Mchawi alipatikana, kwa hiyo ulimi haukukosea. Mwezi wa pili mwaka huu Hajra, binti wa nyumba ya tatu, alisimama barazani na muhogo uliomenywa nusu.

"Shangazi, tuonjee."

"Onja mwenyewe."

"Mimi? Ulimi wangu utajua nini?"

"Onja, nakwambia. Sitaki kushika hicho kitu."

Hajra akacheka kwa kudhani ni utani. Akauma ncha, akatafuna. Mwamina, ambaye sasa hana ila macho, aliona uso wa msichana ukikunjamana, mdomo ukivutwa upande, mate yakitemwa haraka vumbini.

"Eti, unasemaje?"

Hajra akafuta midomo kwa upindo wa kanga, akamnyooshea ule muhogo kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Sijui, shangazi," akasema. "Wewe unaonaje?"