Mwalimu Aliyepanda Mlima na Jibu la Hapana

Siku Mwalimu Kasiani alipotuletea hapana, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na kahawa hii unayoiona nimeipanda kwa mikono yangu. Lakini hayo madarasa manne alinifundisha yeye, na fimbo zake nazijua. Mtu wa Liuli, wa ziwani, kaletwa huku milimani kwetu Litembo kufundisha. Baadaye akaacha chaki, akagombea udiwani.

Kilio chetu kilikuwa kimoja: maji. Mama zetu walishuka bondeni na ndoo, wakapanda nazo shingo zimekakamaa. Mpinzani wake alishaahidi bomba kabla ya mavuno ya kahawa. Basi kwenye mkutano wa kampeni nikasimama, kijana mwenye mdomo.

"Mwalimu! Wewe mla dagaa umezaliwa maji yako mlangoni. Mimi ulinichapa kwa kusema uongo. Ukitudanganya bomba, wewe atakuchapa nani?"

Watu wakacheka, wakashika mbavu. Akangoja tunyamaze, kama darasani.

"Kaa chini, Akwino. Bomba siahidi, sinalo. Nitakwenda kuuliza wilayani. Nitakachojibiwa nitakuja kuwaambia hapa hapa."

Wapambe wake wakashika vichwa. Kura alizipata, lakini chupuchupu.

Tukasema, huyo ndiyo basi tena. Kiongozi huonekana akiwa na cha kujisifia. Masika yakaingia, njia ikawa tope tupu, gari halipandi. Mara tunaona mtu anapanda kwa miguu, suruali kaikunja magotini, viatu mkononi. Mwalimu! Tukakusanyika.

"Nimeuliza," akasema. "Wamesema hapana. Nitauliza tena."

Hebu fikiria, mwanangu. Mtu kapanda mlima wote ule, mvua inampiga, kuja kusimama mikono mitupu mbele yetu! Bibi yangu, ambaye viongozi hakuwa na habari nao, akainuka akampisha kigoda chake.

"Keti, baba. Hapana yako tumeipokea."

Mwaka uliofuata akapanda tena na hapana nyingine. Uchaguzi ulipofika watu wakamnyima kura, wakampa mwenye ahadi tamu. Bomba lilipokuja kufika, utepe alikata mwingine. Mwalimu alikuwa mstaafu tu, amejenga huku huku kwetu, kapanga foleni na ndoo yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Pita mbele, maji haya uliyaomba wewe."

"Marahaba. Rudi kwenye foleni, Akwino."

Nikarudi, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa wewe nasikia unautaka uenyekiti wa kijiji. Vizuri, una elimu, na mdomo umerithi. Nakwambia moja tu: watu wakikutuma, rudi. Ukipata ndiyo, rudi. Ukipata hapana, rudi upesi zaidi, maana kuna mtu amekaa anasubiri na ndoo tupu. Usimfiche jibu lake.

Mungu akujalie miguu ya kuupanda mlima huu ukiwa huna kitu mkononi, na akujalie bibi mmoja atakayekupisha kigoda.