Gitaa katika Ghala la Maharagwe

Kwanza nitenge niliyoyasikia na niliyoyaona. Nimesikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa kakao huko Beu, mjini Beni, ambaye nilipiga naye gitaa katika orkesta ya shule ya sekondari, alimposa mke wangu kabla yangu, na kwamba baba mkwe alimrudishia mbuzi wake wa mahari kwa sababu yeye ni Mwislamu, nasi ni Wakatoliki. Kati ya wote walionisimulia habari hiyo, hakuna hata mmoja aliyewaona mbuzi wenyewe. Niliyoyaona ni haya: kila asubuhi, hapa kwetu Kimemi, mjini Butembo, mke wangu huketi barazani akichagua maharagwe ya kupeleka sokoni, na simu yake, aliyoiegemeza kwenye kikapu, hupiga gitaa la mtu yule.

Dada yake aishiye Beni ndiye aliyemtumia wimbo huo. Ni gitaa tupu, bila mwimbaji. Ningependa kuandika kwamba ni mbaya, lakini sikuweza kulisema hilo hata moyoni. Kila uzi ulisikika peke yake, na kati ya uzi na uzi palikuwa na kimya safi kama sahani iliyooshwa. Kimya hicho ndicho kilichoniuma. Katika orkesta ile, mimi ndiye niliyepiga solo, yeye alinisindikiza.

Mimi pia nina mashine ya kurekodi. Watoto wangu waliniletea nilipostaafu ualimu: ndogo, ya kidijitali, yenye njia nane, kila njia ikihifadhi sauti yake mpaka zote zitakapounganishwa. Nilirekodi sebuleni. Ampli yangu, spika ya gitaa, niliiweka juu ya saruji, nikaifungulia sauti mpaka mwisho kama tufanyavyo sote kwenye harusi na matanga, pale gitaa linaposhindana na umati chini ya turubai. Nikasimamisha mikrofoni hatua mbili mbele yake, nikahakikisha taa nyekundu ya mashine inawaka bila kuzimika. Nilichokipata ni bati la paa likitetemeka, jirani akitwanga majani ya muhogo ya sombe, ndege ikishuka kwenye uwanja wa Rughenda, na katikati ya hayo yote gitaa lililokwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga.

Mke wangu alisikiliza kwa adabu mpaka nusu.

"Papa, hii ni gitaa, ao ni mashini ya kusaga bunga?"

"Ni gitaa."

"Mais ya Hadji hapana kulia vile," akasema, akitia "lakini" ya Kifaransa kama tufanyavyo sote huku.

Alikuwa amemwita mfanyabiashara yule Hadji, kama wanavyomwita wateja wake.

Watu walisema kwamba Hadji alirekodi Kampala, katika studio yenye kuta za sifongo. Wengine walisema mashine yake ilitoka Dubai. Sikukubali hata neno moja kabla ya kujionea. Nilimwambia mke wangu kwamba ninakwenda Beni kumwona mwalimu mwenzangu aliyelazwa hospitalini. Mgonjwa huyo alikuwako kweli, nami nilimwona kweli, kwa muda wa dakika kumi. Kisha nikapanda pikipiki mpaka Beu.

Nilimkuta mlangoni mwa ghala lake, ndevu nyeupe, kofia nyeupe, tumbo la mtu aliyefanikiwa.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Uko muzima? Karibu! Tumezeeka, mais bidole je? Biko vizuri?"

"Vidole vipo. Nimekuja kuona studio yako."

"Uko ndani yake, baba."

Nilitazama. Magunia ya kakao kavu yalipangwa pande tatu mpaka karibu na dari, yakimeza mwangwi. Katikati, juu ya kiti cha mbao, palikuwa na ampli ndogo kuliko yangu. Mashine yake ya kurekodi ilikuwa ya aina ileile niliyo nayo, ila kuukuu zaidi, na kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka. Laiti ingetoka Dubai! Ningerudi nyumbani nikiwa na amani.

Aliifungua ampli kidogo sana, karibu na robo. Akaweka mikrofoni ngumi moja tu kutoka kwenye spika, si katikati yake bali ubavuni.

"Kidogo hivyo?" nikauliza.

"Donc weye unapigia batu ba matanga? Hapa hakuna batu. Kuko sikio moja tu, ya mikro. Usiipigie kelele."

"Na taa nyekundu? Mbona haiwaki?"

"Nani alikuambia iwake? Ikiwaka, sauti imesha kupasuka."

Muuza duka alikuwa amewaambia watoto wangu, nao wakaniambia, kwamba taa nyekundu ni dalili ya sauti kuingia kikamilifu. Mimi, niliyekata alama kila nilipokuta insha inayoanza kwa "watu wanasema", nilikuwa nimelipokea neno hilo bila kulijaribu hata mara moja.

Nilitaka kumwuliza habari za mbuzi. Badala yake nilimwuliza habari za waya. Aliponisindikiza barabarani alisema, "Musalimie mama," akimaanisha mke wangu. Nilimchunguza uso, sikuona kitu ninachoweza kukiandika hapa. Salamu zile nilizibeba mpaka Butembo, nikazikalia.

Nyumbani kwetu magunia yako mahali pamoja tu, nalo ni ghala la mke wangu, ambalo ufunguo wake hufungwa kwenye pindo la kitenge chake. Ilinibidi niombe.

"Naomba unifungulie ghala. Nataka kurekodi humo."

"Katikati ya maharagwe yangu? Nani alikufundisha?"

"Mutu moja."

"Ule mugonjwa?"

Alicheka, akafungua, akashika pembe za gunia la kwanza mwenyewe. Tulizungusha magunia kuanzia sakafuni hadi kifuani, ampli tukaiweka juu ya kiti, nami nikaifungua robo. Niliushusha mwingio wa sauti kwenye mashine mpaka taa ikabaki ya kijani, hata nilipopiga kwa nguvu. Yeye aliketi mlangoni juu ya gunia, ili mtu asije kubisha hodi. Mara ya kwanza ndege ilitushinda. Mara ya pili jirani alianza kutwanga sombe. Mke wangu akatoka, nikasikia akisema maneno machache ya lugha yetu ya Kinande, na mtwangio ukanyamaza. Mara ya tatu nilipiga wimbo mpaka mwisho. Uzi wa mwisho ulikuwa bado unafifia alipouliza kwa sauti ya chini, "Papa, imeisha?"

Mashine iliinasa sauti yake. Kuikata ni kazi ya kitufe kimoja. Sikuikata.

Kesho yake asubuhi alichagua maharagwe kama kawaida. Simu yake, niliyoihamishia wimbo usiku, ilipiga gitaa langu, safi, uzi kwa uzi, mpaka pale sauti yake ilipouliza kama imeisha, naye akacheka. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeigusa, simu ikaendelea na wimbo wa Hadji. Nilitazama mkono wake. Haukutoka kwenye maharagwe.

"Hadji alikusalimia," nikasema. "Siku nilipokwenda Beni."

"Nilijua ulifika kwake. Koti yako ilirudi na harufu ya kakao."

"Na wale mbuzi?"

"Mbuzi gani?" akauliza, bila kuinua macho.

Kama alikuwa hajui, au alikuwa anajua mno, siwezi kuapa. Wimbo wa Hadji ukaisha. Mke wangu alipangusa vumbi la maharagwe kwenye kidole, akaigusa simu mara moja, na gitaa langu likaanza tena.